Namba Ilihama, Wateja Je?

Wadogo zangu, leo naingia moja kwa moja kwenye barua ya Litembo, maana swali lililomo nimekuwa nikilisikia Mbinga mjini, Songea na hata kwa mabinti wa ziwani, ila huyu ndiye aliyeliuliza vizuri kuliko wote.

Ni binti anayefuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono. Kwa baridi ya Litembo, kazi hiyo haikosi mteja. Alianza na majirani, akafungua ukurasa wa Facebook, baadaye kundi la WhatsApp, na sasa mizigo yake inapanda basi kwenda Songea, Njombe hadi Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba wateja wa mjini wanamwambia Facebook hawaingii tena, wapo Instagram na TikTok. Anaandika hivi: "Dada, nilipohama mtandao wa simu nilibaki na namba yangu ile ile, sikupoteza mteja hata mmoja. Kwa nini ukurasa wangu nao usihame na watu wake wote? Kuna kijana anasema ataniwekea wafuasi wangu wote Instagram nikimpa elfu hamsini."

Mdogo wangu, hiyo elfu hamsini usiitoe. Nakujibu hilo kwanza, mengine yanaweza kusubiri. Hakuna mtu, awe fundi wa namna gani, anayeweza kuwatoa wafuasi wako Facebook na kuwaingiza Instagram wakakufuata bila wao wenyewe kubonyeza. Atakachokuuzia ni akaunti zisizo na watu nyuma yake, au atakuomba zile tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe mfupi ili aingie kwenye akaunti yako na kukufungia nje. Tarakimu hizo hapewi mtu. Ukiona ameshikilia kuziomba, ripoti namba yake kwa kuituma 15040, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hupokea taarifa za matapeli wa simu.

Sasa swali lako lenyewe, ambalo nalipenda sana, kwa sababu umegusa jambo ambalo hata nchi kubwa bado zinalihangaikia.

Namba yako ilihama kwa sababu kuna aliyeyalazimisha makampuni. Wakubwa kidogo mtakumbuka tulikuwa tunatembea na laini mbili tatu. Ukiwa na duka, namba umeichora kwa rangi ukutani, huwezi kuiacha hata mtandao wenyewe uwe mbovu kiasi gani. Tarehe 1 Machi 2017 TCRA ikaanzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Kenya walikuwa wameshaanza Aprili 2011. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka, si wa ule unaouacha, na kitambulisho chako, unatuma neno HAMA kwenda 15080, taratibu zinaendelea. Hiyo habari ya kwenda kwa mpya ina maana kubwa. Anayekupoteza hapewi nafasi ya kukukalisha kwenye benchi na kukubembeleza usiondoke.

Lakini kumbuka vizuri siku uliyohama. Ilihama namba peke yake. Salio ulilokuwa nalo halikuja, bando halikuja, na fedha za kwenye simu ilibidi uzitoe kabla, kisha ukafungua akaunti mpya ya fedha upande wa pili. Namba ikatosha, kwa sababu watu wanakupata kwa namba, na simu ya mtandao wowote inaweza kupiga mtandao mwingine wowote.

Fedha nazo zilikuwa na ukuta wake. Kabla ya 2014, ukiwa na mtandao huu na mama yako Mbamba Bay ana mwingine, ukimtumia fedha anapokea ujumbe wenye namba za siri, anakimbia nao kwa wakala wa mtandao wako kuzitoa taslimu, na wakala mwenyewe pengine yuko mbali. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane moja kwa moja, na 2016 Vodacom naye akaingia. Leo unamtumia mama yako hata huulizi ana laini gani. Kwa hiyo usimwamini anayekwambia kwamba makampuni yanayoshindana hayawezi kufunguliana milango. Yanaweza, na hapa nyumbani tumeyaona yakifanya.

Kwenye mitandao ya kijamii mlango huo bado haujafunguliwa. Ukiwa Facebook humfikii aliye TikTok. Ukitoka unaacha watu nyuma, na watu ndiyo mali yako yote. Nyumbani kwetu Umatengo tunaijua biashara ya magoma: mwezi wa pili njaa imebana, mtu anachukua fedha kidogo kwa mwenye uwezo, na kahawa yake inakuwa imeshauzwa ingali mtini. Analima yeye, anapalilia yeye, mavuno yameshaandikwa jina la mwingine. Wewe umewavuta watu wale mmoja baada ya mwingine kwa kazi safi ya mikono yako, lakini daftari lililowaandika liko kwa mwenye mtandao, na yeye ndiye anayeamua nani aone sweta uliloposti leo na nani asilione.

Makampuni yenyewe yanaijua sana thamani ya daftari hilo. Novemba 2010 Google iliizuia Facebook isichukue anwani za watu kutoka Gmail, ikisema Facebook inachukua na yenyewe haitoi. Januari 2013 Facebook nayo ikaizuia Vine, programu ya video fupi ya Twitter, siku ile ile ilipozinduliwa, watu wasiweze kutafuta humo marafiki zao wa Facebook. Hawakugombania picha wala video. Waligombania orodha ya nani anamjua nani.

Na mtandao ukifa? Google+ ilifungwa kwa watu wa kawaida tarehe 2 Aprili 2019. Walipewa muda wa kupakua picha na maandishi yao. Mazoea waliyokuwa wamejenga na wasomaji wao hayakuwa na mahali pa kwenda. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa pamoja kwa takribani saa sita, dunia nzima, na mwenye biashara asiye na namba za wateja wake pembeni alikaa akiangalia simu. Mei 2025 mtandao wa X ulipofungwa hapa nchini, waliokuwa wamejenga hadhira yao pale kwa miaka walijikuta wanaanza upya kwingine.

Sheria zinasemaje? Ulaya, tangu tarehe 25 Mei 2018, mtu ana haki ya kupewa taarifa alizoukabidhi mtandao, katika muundo ambao kompyuta nyingine inaweza kuusoma, na azipeleke kwa mshindani akitaka. Kenya waliiweka haki hiyo katika sheria yao ya 2019, kifungu cha 38, na mwombaji anatakiwa kutimiziwa ndani ya siku 30. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinavyotumika, kuzisahihisha zikiwa na kosa, kuzifuta katika mazingira fulani, na kukataa kusumbuliwa na matangazo. Haki ya kuhama nazo haikuandikwa. Mimi naona hilo ni pengo, na nalisema waziwazi: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, na siku sheria hiyo itakapofanyiwa marekebisho, wafanyabiashara wadogo kama huyu wa Litembo wanapaswa kuwa wa kwanza kusikilizwa. Nchi iliyoweza kuyaamuru makampuni ya simu yaachie namba isishindwe kudai na hili.

Ila niwe mkweli kwenu. Hata kule Ulaya haki hiyo haiwabebi watu. Inabeba vitu vyako: picha zako, maandishi yako, maoni yako. Orodha ya wafuasi ina utata, na utata wenyewe una haki ndani yake. Jina la mteja wako ni lake kabla halijawa lako. Alikubali kukufuata Facebook. Hajakubali kupelekwa kwingine. Mnakumbuka kashfa ya Cambridge Analytica iliyofumuka 2018? Watu kama 270,000 walijibu maswali kwenye programu moja ndogo, na kupitia kwao zikachotwa taarifa za watu wanaofikia milioni 87 kwa hesabu ya Facebook yenyewe. Wengi wa hao milioni hawakujibu swali lolote. Kosa lao lilikuwa kuwa rafiki wa aliyejibu. Tangu hapo kampuni likitaka kubana orodha lina sababu nzuri ya kutaja: tunalinda faragha. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine linajilinda lenyewe.

Nikiwa dada yako nakushauri ushike pande zote mbili. Dai haki ya kuhama na vilivyo vyako, na vya wateja wako viombe kwa wenyewe. Mteja aliyekupa namba yake kwa mdomo wake, akijua utamtafuta sweta zikiwa tayari, anazidi wafuasi mia waliobonyeza wakapita.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kupakua chochote, hakikisha akaunti ni yako. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika barua zenu. Wengi mlifunguliwa akaunti na kijana wa stesheneri, akaweka barua pepe yake kwa sababu wewe hukuwa nayo, na neno la siri analijua yeye. Wengine laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka au shemeji. Ikiwa hivyo, huwezi kuhama popote, maana siku ya kuhama anayeulizwa si wewe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kama ya biashara haimo, zungumza na shemeji kwa heshima, mwende pamoja kwa wakala, ibadilishwe iwe jina lako. Fungua barua pepe yako mwenyewe, iweke kwenye ukurasa, badilisha neno la siri, na yule kijana mshukuru kwa msaada wake. Na laini hiyo itumie, usiiache ikae kimya miezi, kwa sababu isiyotumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Atakayepewa namba yako anaweza kufungua WhatsApp kwa namba hiyo, na wateja wakamwandikia yeye wakidhani ni wewe.

Ukishakuwa mwenye mali, pakua nakala. Facebook, Instagram na TikTok zote zina njia hiyo ndani ya mipangilio, sehemu inayohusu taarifa zako. Unaomba, unasubiri, wanakuarifu faili likiwa tayari, na usichelewe kulichukua kwa sababu linakaa siku chache tu. Usiombe kila kitu kwa mara moja. Bando litaisha na faili halijafika nusu. Chagua picha za masweta na ujumbe kwanza, mengine baadaye. Ukiulizwa muundo, chagua HTML, huo utausoma kwenye simu yako. JSON ni wa kompyuta kusomeana. Picha za Facebook zinaweza pia kuhamishiwa Google Photos moja kwa moja, bila kupita kwenye simu yako. Njia hiyo ilianza kujaribiwa Ireland Desemba 2019 na mwaka uliofuata ikaenea duniani. Utakapolifungua faili utakuta majina ya watu, lakini namba zao za simu hutaziona. Usishtuke. Ndivyo lilivyotengenezwa.

WhatsApp nayo ina sehemu ya kutoa mazungumzo. Unafungua mazungumzo, unabonyeza vidoti vitatu, unachagua kutoa, yanatoka kama maandishi ya kawaida. Ukitoa pamoja na picha inachukua ujumbe 10,000 wa mwisho. Bila picha 40,000. Januari 2021, wakati watu wengi walipokasirishwa na masharti mapya ya WhatsApp, Telegram ilifungua njia ya kuyapokea mazungumzo hayo, yakaonekana Telegram na tarehe zake za zamani. Ni mfano mzuri wa mali kuvuka kutoka kwa mshindani kwenda kwa mshindani. Lakini kama mteja wako hana Telegram, maneno yatafika na yeye atabaki alikokuwa.

Sasa nataka uangalie vizuri yaliyomo kwenye hayo mazungumzo, mdogo wangu, kwa sababu nadhani hujui utajiri uliokaa mle. Mama wa Songea alikuandikia kifua cha mwanawe sentimita kadhaa, mkono uwe mrefu kidogo maana mtoto anakua, shule yao ni kijani kibichi na mstari mweupe shingoni, si pembeni. Mwalimu wa Njombe alikutumia idadi ya darasa zima. Mwingine alirudisha sweta kwa sababu uzi ulikwaruza shingo, ukambadilishia uzi. Hayo yote hakuna mtandao utakaoyahamisha kwa namna inayokufaa, na mshindani wako hana hata moja. Chukua daftari la mistari, lile gumu la jalada jeusi. Andika jina la mzazi, namba, shule, rangi, kifua, mkono, mwaka uliomfumia, na alilolalamikia. Kaa nalo jioni, ukurasa kwa ukurasa, uyatoe kwenye simu uyaweke kwenye karatasi. Likijaa, lipige picha uzihifadhi kwenye barua pepe yako. Daftari hilo liweke mahali pa faragha, usilitupe kaunta kila mpita njia akalipekua. Watu wamekuamini na vipimo vya watoto wao.

Kuna pia mama mmoja wa Lituhi ambaye swali lake ni ndugu wa hili. Wao wanauza usipa, kundi lao la WhatsApp lilikuwa na admini mmoja, wakagombana, akawatoa watu wote na kuondoka na kila kitu. Mama yangu, pole sana. Kwa kundi jipya wekeni maadmini watatu wasiotoka nyumba moja, na orodha ya namba za wanachama iandikwe pembeni na katibu siku mtu anapoingia. Hesabu za michango zisikae kwenye maongezi tu.

Mdogo wangu wa Litembo, je, uende Instagram au usiende? Nenda, wateja wako wako huko. Ila Facebook usiifunge. Wazazi wa vijijini na walimu wengi bado wanaingia Facebook, na ukurasa wako wa zamani ndio wenye sifa walizoandika watu, ambazo hazihamishiki. Uache wazi, juu kabisa uweke posti inayosema unapatikana wapi, na kila mahali unapofungua tumia jina lile lile na namba ile ile ya simu. Namba ndiyo kitu pekee katika vyote hivi ambacho sheria ya nchi imekuhakikishia utahama nacho, kwa hiyo itangulize kuliko jina la akaunti. Iandike kwenye picha za masweta. Iandike kwenye kikaratasi unachokifunga na mzigo.

Wateja uwaarifu namna gani? Umeniomba maneno, haya hapa, yapunguze au uyaongeze: "Shikamoo mama. Ni mimi ninayekufumia sweta la shule, Litembo. Sasa napatikana na Instagram kwa jina hili. Naomba ruhusa nihifadhi namba yako na vipimo vya mtoto kwenye daftari langu ili Januari nikukumbushe mapema. Ukipenda nivifute, niambie nitavifuta." Mtumie kila mtu peke yake, kwa jina lake na jina la mtoto. Usirushe ujumbe mmoja kwa watu mia tano kwa mkupuo: WhatsApp huzifunga namba zinazofanya hivyo, na ujumbe wa orodha ya matangazo haumfikii asiyehifadhi namba yako. Anza na wazazi wa kidato cha kwanza, hao ndio watakaohitaji sweta jipya kabla ya shule kufunguliwa, na uzi wa kijani agiza sasa.